Kabla hujachukua mtoto wa mbwa, mtazame mama yake

Mavuno yakishaingia ndani na mifugo ikaanza kusogezwa kuelekea mbuga ya Wembere kutafuta malisho, swali moja hurudi katika vipindi vyetu vya ufugaji: mtoto wa mbwa mzuri anapatikana wapi? Anayeuliza huwa ana sababu. Fisi amezunguka zizi usiku, mbuzi wawili wameibwa, au mbwa mzee wa nyumbani amekufa na watoto wanatoka kuchunga bila mlinzi.

Majibu yanayofuata kwa kawaida hugawanyika. Kuna wanaosema nenda mnadani, kuna wanaosema subiri mbwa wa jirani azae, na kuna wanaosema agiza mjini, utatumiwa picha kwenye simu. Mabishano huwa juu ya bei, rangi, ukubwa na ukali. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: mama wa huyu mtoto amechanjwa? Ameishi na nani? Mara ya mwisho aling'atwa lini na mbwa asiyejulikana?

Sisi tunaona hayo ndiyo maswali ya kwanza. Mtoto wa mbwa si kama jembe, kwamba ukilikuta dukani halina ubaya unalibeba. Ni mnyama aliyetoka mahali fulani, na yaliyokuwepo mahali pale anaweza kuja nayo nyumbani kwako bila wewe kuyaona.

Ugonjwa unaosafiri kimya

Tuanze na kichaa cha mbwa. Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote, yaani asilimia 99 ya wagonjwa, huupata kutoka kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15.

Hapa Tanzania, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2002 walikadiria kuwa watu kama 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko vifo vilivyoandikwa kwenye taarifa rasmi. Sababu inaeleweka kwa yeyote anayeishi kijijini: mgonjwa akishaanza kuogopa maji na kuweweseka, familia nyingi humrudisha nyumbani, na kifo kinachotokea nyumbani mara nyingi hakiingii kwenye daftari la hospitali.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni jambo adimu sana. Lakini kabla ya dalili kuna muda wa kimya. Kwa mbwa, muda huo unaweza kuwa wiki chache au miezi kadhaa tangu siku aliyong'atwa. Katika muda huo mbwa anakula, anacheza, anatikisa mkia. Ukimtazama macho na pua huoni kitu. Hata mfugaji mwenye uzoefu hawezi kujua.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa mwenye miezi miwili anaweza kuwa ameng'atwa na mbwa mzururaji, au hata na mama yake mwenyewe aliyekuwa mgonjwa, na bado akaonekana mzima siku unayomchukua. Wiki tatu baadaye anabadilika. Na ni nani anayemshika mtoto wa mbwa kutwa nzima? Ni watoto wetu. Wao ndio wanaombeba, wanaomlisha kwa mkono na wanaomwacha awatafune vidole kwa mchezo.

Funzo kutoka Pemba

Kuna mfano wa hapahapa nchini unaotusaidia kuelewa. Kuanzia mwaka 2010, mradi ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani uliendesha kampeni za kuchanja mbwa katika wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania na kisiwani Pemba. Pemba walifanikiwa: kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha kisiwani.

Mwaka 2016 kikarudi. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi waligundua kuwa ugonjwa haukuwa umejificha kisiwani muda wote huo. Uliingia upya kutoka nje. Pemba imezungukwa na bahari, na mbwa hawaogelei kutoka bara. Mtu anapovuka na mbwa, ugonjwa hupata usafiri. Kisiwa kililazimika kurudia kampeni za chanjo, na kufikia 2018 ugonjwa ukawa umeondolewa tena.

Mbali na sisi, kisiwa cha Flores nchini Indonesia hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka 1997, pale wavuvi walipoleta mbwa watatu kutoka kisiwa kingine. Serikali ya huko ikaamua kuua mbwa kwa wingi. Ugonjwa haukuisha. Sababu moja ni kwamba mtu aliyeuliwa mbwa wake bado ana shamba la kulinda, kwa hiyo hutafuta mtoto mwingine haraka, popote anapopatikana, mara nyingi bila chanjo na bila kuuliza ametoka wapi.

Igunga si kisiwa. Tuko kwenye barabara kuu ya lami inayotoka Singida kwenda Nzega, ambako njia zinagawanyika kuelekea Tabora, Mwanza na nchi jirani. Enzi za misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora, watu, mizigo na magonjwa vilipita ukanda huu kwa miguu. Leo vinapita kwa malori, mabasi na bodaboda. Wafugaji wetu nao huhama na ng'ombe hadi Katavi, Rukwa na Morogoro, na mbwa hufuatana nao. Ikiwa ugonjwa uliweza kuvuka bahari na kufika Pemba, kufika Igunga ni kazi rahisi zaidi.

Njia nne, na uzito wa kila moja

Kwa mkazi wa Igunga, njia za kumpata mtoto wa mbwa ni nne. Tuzipime moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni jirani au ndugu ambaye mbwa wake amezaa. Faida yake kubwa ni kwamba unamjua mama. Umemwona akilinda, unajua kama anang'ata wapita njia ovyo au anabweka kwa sababu. Unajua kama hufungwa mchana au huzurura hadi machinjioni. Tabia ya mama hukupa picha ya mtoto, ingawa malezi nayo yana sehemu yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Udhaifu wa njia hii ni mazoea. Kwa kuwa ni jirani, tunaona aibu kuuliza kuhusu chanjo, na tunachukua mtoto akiwa na wiki nne au tano kwa sababu wenye nyumba wanataka kupunguza mzigo.

Ya pili ni mnadani au kwenye gulio. Pale utakuta watoto kadhaa ndani ya boksi au kiroba. Wakati mwingine wametoka vijiji tofauti na wamechanganywa pamoja asubuhi hiyo. Mama yao humwoni. Muuzaji anaweza kuwa mtu mkweli kabisa, lakini hata yeye huenda amewanunua kwa mwingine. Mtoto mmoja mwenye parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache, anaweza kuambukiza boksi zima. Bei ya mnadani inaweza kuwa nafuu, ila unanunua historia usiyoijua.

Ya tatu ni kuokota. Watoto wa mbwa hutupwa njia panda, karibu na stendi au jalalani, na wengi wao ni majike, kwa kuwa watu wengi huku hupendelea dume. Mwenye huruma humbeba. Hatusemi ni kosa. Tunasema huyu ndiye ambaye hujui lolote juu yake, kwa hiyo ndiye anayehitaji tahadhari zaidi: usimkabidhi kwa watoto, mtenge, na afisa mifugo amwone mapema.

Ya nne ni kuagiza mjini kwa simu. Hapa wanatajwa mbwa wa kigeni kama German Shepherd, au machotara wao. Unaona picha, unatuma pesa, mtoto anapakiwa kwenye basi. Kuna wauzaji waaminifu wenye kadi kamili za chanjo, na kwa upande huo wanaweza kuwa bora kuliko jirani. Lakini picha haikuonyeshi mama, na pesa ikishatumwa hairudi kirahisi. Jambo jingine ni mazingira. Mbwa mkubwa wa kigeni anahitaji chakula kingi zaidi ya ukoko wa ugali, na mwili wake haujazoea kupe wa huku. Upande wa misitu ya miombo wako mbung'o, na ugonjwa wa ndorobo huwapata mbwa pia, ukiwadhoofisha na hata kuwaharibu macho. Mbwa wetu wa kienyeji si kwamba hawaugui, ila ukoo wao umeishi na joto hili na kupe hawa kwa vizazi vingi.

Ukituuliza sisi, njia ya kwanza ndiyo yenye msingi mzuri, kwa sharti moja: mama awe amechanjwa, au achanjwe sasa pamoja na watoto wake. Hili la pili linawezekana kuliko watu wanavyodhani. Badala ya watu wanne kuchukua watoto wanne na kila mmoja kwenda njia yake, changeni, mwiteni afisa mifugo wa kata siku moja, awachanje mama na watoto papo hapo. Kumwita mara moja ni nafuu kuliko kumwita mara nne.

Chanjo haina umri wa kusubiri?

Wengi wanaamini mtoto wa mbwa hachanjwi kichaa mpaka afikishe miezi mitatu. Imani hii imefanya watoto wengi wa mbwa warudishwe nyumbani siku ya kampeni. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba watoto wa mbwa wenye umri chini ya miezi mitatu wasiachwe nje ya kampeni kwenye maeneo yenye ugonjwa. Aliyechanjwa akiwa mdogo sana arudiwe baadaye kwa ratiba atakayopanga mtaalamu.

Hili lina maana kubwa katika hesabu ya kijiji. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lakini mbwa wetu hawaishi miaka mingi na huzaa mara kwa mara. Mbwa 10 wa kitongoji wakichanjwa 7 mwezi wa tisa, kisha wakafa wawili waliochanjwa na nafasi zao zikachukuliwa na watoto wawili wasiochanjwa, tumeshuka hadi 5 kati ya 10. Hakuna aliyefanya kosa la makusudi, ila ukuta umetoboka. Kila mtoto wa mbwa anayeingia kijijini bila chanjo ni tundu jipya kwenye ukuta huo. Ndiyo maana tunasema uchaguzi wa mtu mmoja juu ya mtoto wa mbwa unawagusa majirani wote.

Kuna anayesema chanjo haifiki kwetu kwa sababu hakuna umeme wa friji. Ni kweli kwamba chanjo huhifadhiwa kwenye ubaridi. Lakini utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo moja ya kichaa cha mbwa iliendelea kufanya kazi hata baada ya kukaa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Hiyo si ruhusa ya kununua chupa iliyoanikwa juani kwenye meza ya gulio. Maana yake ni kwamba umbali wa kijiji na ukosefu wa umeme si sababu ya kutosha ya kukata tamaa.

Ng'ombe ana hereni, mbwa je?

Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Tangu hapo wafugaji wengi wamezoea kuona ng'ombe wakivalishwa hereni. Mkazo wa kampeni hiyo ni magonjwa yanayoua ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Ni hatua muhimu kwa wilaya kama yetu ambayo ng'ombe ni akiba, mahari na ada ya shule.

Mbwa yuko pembeni ya hesabu hiyo. Hauzwi kwa kilo, hatoi maziwa, hapelekwi machinjioni. Lakini ndiye anayelala mlangoni pa zizi, na akipata kichaa anaweza kumng'ata ng'ombe, naye ng'ombe akafa. Mwenye ng'ombe 40 wenye hereni na mbwa 3 wasiochanjwa ameacha mlango mmoja wazi.

Tulinganishe pia gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mtu wa kijijini Tanzania aliyeng'atwa alihitaji kutumia zaidi ya dola 100 za Marekani kukamilisha matibabu ya kuzuia kichaa, ukijumlisha sindano, nauli na siku za kazi alizopoteza. Kwa kaya nyingi hiyo ni kuuza mbuzi au zaidi. Chanjo ya mbwa mmoja haifiki hata karibu na fedha hiyo. Wazee walishasema kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, tiba yenyewe baada ya dalili haipo.

Tunaona pia kwamba viongozi wa vijiji wana nafasi hapa. Mashirika ya kimataifa ya afya na mifugo yameweka lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mkutano wa kijiji unaweza kuuliza mapema: mwaka huu kata yetu imepangiwa dozi ngapi, na zinafika lini? Swali hilo likiandikwa kwenye muhtasari lina nguvu kuliko manung'uniko ya kijiweni.

Mambo ya kuuliza kabla ya kubeba

Haya ni maswali matano ambayo unaweza kumuuliza yeyote anayekupa au kukuuzia.

Kwanza, mama yuko wapi, naweza kumwona? Akiwa mkali kupita kiasi kwa wenyeji wake mwenyewe, amedhoofu au haonekani kabisa, fikiri mara mbili.

Pili, mama amechanjwa lini, na kadi iko wapi? Kadi ya kweli ina tarehe, jina la chanjo na saini ya aliyechanja. Neno la mdomo si kadi.

Tatu, mtoto ana wiki ngapi? Mwache anyonye na kujifunza kwa mama yake hadi wiki 8. Anayetengwa mapema huugua kirahisi, na mara nyingi hakujifunza kupunguza nguvu ya meno anapocheza.

Nne, amepewa dawa ya minyoo? Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo, na baadhi ya minyoo hiyo huwapata watoto wanaocheza kwenye udongo wenye kinyesi cha mbwa.

Tano, kuna mbwa aliyekufa au kutoweka katika nyumba hiyo miezi michache iliyopita? Wengi husahau swali hili, na pengine ndilo zito kuliko yote.

Ukimleta nyumbani, mtenge na mbwa wengine kwa wiki mbili au tatu, mwite afisa mifugo, na wafundishe watoto kunawa kila wanapomshika. Kumbuka pia kwamba chanjo ya kichaa haizuii parvo wala ugonjwa wa distemper. Huo wa mwisho si wa kudharau: mwaka 1994 uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliwahusisha mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Kama ulichukua jike na hutaki azae ovyo, muulize afisa mifugo kuhusu kumfunga uzazi. Kutupa watoto porini ni ukatili, na ukatili kwa wanyama unakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Tena wale unaowatupa ndio watakaorudi kama wazururaji.

Akikung'ata

Mtoto wa mbwa akibadilika ghafla, akang'ata bila kuchokozwa, akatokwa na mate, akalegea taya au akajificha gizani na kukataa chakula, usimkaribie. Wakati mwingine huonekana kama amekwama mfupa kooni. Usitie mkono mdomoni kuutoa.

Aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili, oili chafu wala majani. Aende kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, na amalize sindano zote kwa tarehe alizopangiwa hata kama kidonda kimefunga. Mbwa akiweza kufungwa kwa usalama, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa mifugo apewe taarifa. Lakini mgonjwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende hospitali.

Mbwa mzuri ni mali. Analinda zizi usiku wa manane wakati sisi tumelala, na hadai mshahara. Anachostahili ni kuingia nyumbani kwa njia iliyo wazi: tunamjua mama yake, tunaijua nyumba alikotoka, na ana kadi yenye tarehe. Kama jirani yako ana mbwa mwenye mimba leo, zungumzeni leo. Zimebaki wiki kadhaa kabla watoto hawajawa tayari kuchukuliwa, na huo ni muda wa kutosha kumtafuta afisa mifugo.